Kanda la Usufi

Zilikuwa zimebaki siku chache kufika arobaini ya kaka yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya nyumba yake, Langoni, Lamu, sina la kufanya, maana kazi niliyoifanya katika nyumba ile tangu nikiwa na miaka kumi ilikuwa imekwisha. Binti yake akatoka ndani na simu. "Ami, hebu mtazame huyu," akaniambia. "Nilipomwona nikamkumbuka baba na punda wake."

Kwenye kioo palikuwa na uwanja wa mchanga uliozungushiwa ubao mfupi mweupe, na nyuma yake viti safu kwa safu, havina watu. Ilikuwa Agosti 2021, Paralimpiki ya Tokyo, ile iliyoahirishwa mwaka mzima kwa sababu ya korona na mwishowe ikachezwa bila watazamaji. Mwanamke wa Kimarekani, Roxanne Trunnell, alikuwa juu ya farasi wake, Dolton. Farasi alikuwa anatembea. Hakuruka kiunzi wala hakupiga shoti; hata matiti hakwenda. Alitembea, akapinda, akasimama, akatembea tena, kichwa amekiinamisha kidogo kama mtu anayesikiliza. Kisha ikatangazwa kwamba yule mwanamke ameshinda dhahabu.

Binti alistaajabu kwamba kuna dhahabu ya kutembea. Mimi nilimwomba arudishe mwanzo, nikatazama tena, na tena. Sikuwa namtazama mwanamke wala medali yake. Nilikuwa nautazama mgongo wa yule farasi.

Kaka yangu alipata polio mwaka 1961, ana miaka mitatu. Chanjo ya kwanza ilikuwa imekwisha kutangazwa Marekani tangu Aprili 1955, lakini kwetu haikuwahi. Mama alikesha akimkanda kwa mafuta ya uto ya moto, mwezi baada ya mwezi, na miguu ikazidi kunyauka mpaka ikawa myembamba kama mikono ya mtoto. Nilizaliwa mwaka huohuo. Nilipotimiza miaka kumi na kupata nguvu kidogo, nikawa mimi ndiye miguu yake. Nilimbeba kwenda chuoni, nikambeba kwenda msikitini, nikamshusha zile ngazi za nyumba za zamani ambazo hata mtu mzima mwenye miguu yake huzishuka kwa kushika ukuta. Jioni nilimpeleka ufukoni akatazame majahazi yakiingia. Kidevu chake kilikaa begani kwangu upande wa kulia, siku zote wa kulia, na pumzi yake ilinuka iliki.

Nilikuwa sijui kwamba ananiongoza. Hakuwa akisema pinda hapa, simama pale. Aliegemea tu. Uzito wake ulihamia kushoto kiasi cha unene wa kidole, na mimi nikakata kushoto, nikidhani nimeamua mwenyewe. Akitaka nisimame alikaza kifua. Akiona jambo la kumchekesha mbele yetu nilijua kabla sijaliona, kwa sababu tumbo lake lilikuwa limeanza kutikisika mgongoni mwangu.

Hayo ndiyo niliyoyaona katika simu. Mchezo wenyewe huitwa dresaji. Farasi na mpandaji huonyesha miendo na mipindo iliyopangwa, katika uwanja uliowekwa herufi pembezoni, na majaji hutoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila kitendo, halafu jumla ikageuzwa kuwa asilimia. Sifa ya mchezo ni kwamba mtazamaji asione amri ikitolewa. Mpandaji mzima husema na farasi kwa mashavu ya miguu, kwa mapaja, kwa hatamu, na zaidi kwa namna anavyokalia tandiko. Wapandaji wenye ulemavu hugawanywa katika madaraja matano, kulingana na kiasi ambacho mwili wa kila mmoja unaweza kufanya. Wa daraja la kwanza ndio walioathirika zaidi, na wao hushindana kwa mwendo wa kutembea peke yake, katika uwanja wa mita 40 kwa 20. Wanawake na wanaume hushindana pamoja. Trunnell ni wa daraja hilo. Mwaka 2009 maradhi ya virusi yalisababisha uvimbe katika ubongo wake, na tangu hapo akawa mtu wa kiti cha magurudumu.

Natasha Baker wa Uingereza, ambaye uti wake wa mgongo ulidhurika akiwa bado mtoto mdogo, hawezi kumwamrisha farasi kwa miguu hata kidogo. Alimfundisha farasi wake Cabral kuisikia sauti yake na kukisikia kiuno chake, wakashinda dhahabu London mwaka 2012 na Rio mwaka 2016. Bettina Eistel, Mjerumani aliyezaliwa hana mikono kwa sababu ya dawa ya thalidomaidi aliyotumia mama yake katika ujauzito, alishindana Athens mwaka 2004 akiwa ameshika hatamu kwa kinywa. Kwetu kushika hatamu ni kutawala. Ndivyo lugha ya siasa ilivyotuzoesha. Nikimfikiria mwanamke yule na kamba ya ngozi kati ya meno yake, na mnyama wa mamia ya kilo akimfuata kwa hiari, naona neno letu tumelitumia vibaya.

Nirudi kwenye kutembea. Ajabu ni kwamba pwani yetu haikuwa na farasi wengi, ilhali Kiswahili kina majina ya miendo yao: matiti, telki, shoti. Telki ndiyo tuliyoijua sisi wa Lamu, ule mwendo wa punda wa harakaharaka ambao haujawa mbio. Lakini kutembea hatukukupa jina la pekee. Ni kutembea tu, nani atakusifu? Farasi akitembea kila ukwato hutua peke yake, midundo minne, na ukifumba macho unaweza kuihesabu. Katika matiti huwa miwili, miguu ya mshazari ikitua kwa pamoja, na hapo kasi husitiri mengi. Kutembea hakusitiri kitu. Na wataalamu wa tiba ya viungo wamelieleza jambo moja ambalo lilinifanya niweke kitabu chini na kutoka nje: farasi anapotembea, mgongo wake hukitikisa kiuno cha aliyempanda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, kwa namna inayokaribiana sana na kiuno cha binadamu anapotembea kwa miguu yake. Mtu ambaye hajapiga hatua maishani mwake, akikaa juu ya farasi, kiuno chake kinatembea.

Kaka alikuwa akiniambia, tangu sisi watoto, "Wewe ukenda, nami nakwenda." Nilidhani ni maneno ya kunishukuru. Nimekuja kufahamu, amekwisha kufa, kwamba alikuwa ananieleza kitu anachokihisi.

Sasa nieleze kuhusu yule punda, maana bila ya hapo nitakuwa nimeficha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa wakati wa Maulidi, mji umejaa wageni, na kaka alitaka nimpeleke ufukoni akatazame mashindano ya punda. Tulikuwa tumefika Usita wa Mui, njia haipitiki kwa watu, jua kali, na mbele yetu walisimama wasichana niliokuwa nataka wanione mimi peke yangu, bila mtu mgongoni. Nikamtua kwenye baraza ya mtu. Nikasema, "Kaka, umekuwa mzito."

Hakukasirika. Alinitazama, akafuta jasho langu kwa ncha ya kikoi chake, akasema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mdogo wangu. Ila wa kwako ndio mimi." Tukacheka wote wawili, nikambeba tena, tukafika, tukatazama mashindano. Lakini tangu siku ile hakuniomba nimpeleke popote. Alikuwa akishona kofia, kazi ya mkono, na kofia moja nzuri humchukua mshonaji miezi. Alishona, akauza, akaweka. Baada ya mwaka na kitu akanunua punda jike, wa kijivu, na watu wote wakasema maskini amejikomboa. Mimi niliyejua ni kwa nini amejikomboa nilinyamaza. Nimenyamaza miaka arobaini.

Vijana wa Lamu humpanda punda wakikaa nyuma kabisa, karibu na mkia, miguu ikining'inia wanapiga nayo mbavu. Kaka hakuweza hivyo. Alishona gunia, akalijaza usufi, akaliweka katikati ya mgongo. Niliposhika lile gunia sikusema neno, naye hakusema. Mwanzo nilimfunga kamba kiunoni ikapita chini ya tumbo la punda, nikaona nimefanya la maana. Siku moja ya masika punda akateleza kwenye mtaro, akaanguka kwa ubavu, na kaka hakuweza kuachana naye. Waliburutana mpaka nilipokata kamba. Alibaki na kovu la kiwiko. Katika dresaji ya watu wenye ulemavu mpandaji huruhusiwa vitu vingi vya kumsaidia: fimbo mbili badala ya moja, hatamu zenye vitanzi vya kuingizia vidole visivyokunja, mikanda ya kuushikilia mguu. Lakini haruhusiwi kufungwa kwa namna ambayo akianguka hatatoka. Kushikiliwa, ndiyo; kufungwa, hapana. Niliposoma kanuni hiyo nilikiona kiwiko cha kaka waziwazi, lile kovu refu lenye umbo la ndoana.

Tukaacha kamba. Punda akajifunza. Kila asubuhi alisimama ubavu wake umegusana na jiwe la baraza, hata nafasi ya kupitisha kiganja haipo, akatulia mpaka kaka ajivute kwa mikono na kukaa. Akiinama kushoto, punda huyo kushoto. Akikaza kifua, punda husimama. Niliwatazama kutoka mlangoni na nikaona wivu, nasema kweli, wivu wa mtu kumwonea mnyama, kwa sababu ile lugha niliidhani ni ya mgongo wangu.

Yupo mwanamke wa Denmaki ambaye jina lake hurudiwa kila mchezo huu unapoelezwa, Lis Hartel. Alizaliwa mwaka 1921, akawa bingwa wa dresaji wa nchi yake akiwa bado kijana. Mwaka 1944, ana miaka ishirini na mitatu, ana mimba ya mtoto wa pili, na nchi iko chini ya majeshi ya Ujerumani, akaamka na maumivu ya shingo. Polio. Mwili ukalala karibu wote. Mtoto akazaliwa salama. Yeye alijifunza upya kuinua mikono, kutambaa, kusimama na magongo, lakini kuanzia magotini kwenda chini miguu haikurudi tena. Akataka arudi juu ya farasi. Ilibidi apandishwe na ashushwe, na miguu ile ikining'inia tu juu ya vikuku. Mwaka 1947 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya nchi za Skandinavia.

Mpaka hapo dresaji ya Olimpiki ilikuwa ya wanaume, tena maafisa wa jeshi. Helsinki mwaka 1952 ndipo mlango ulipofunguliwa kwa wanawake na raia. Lis Hartel akaingia na farasi wake jike, Jubilee, ambaye alikuwa hasikii miguu ya bibi yake kwa sababu haikuwa na la kusema. Alisikia kiuno, alisikia mgongo, alisikia uzito ukihama. Wakapata fedha. Hakukuwa na Paralimpiki wakati ule, wala daraja, wala kanuni ya mikanda. Alishindana na wote, akashindwa na mtu mmoja tu, Henri Saint Cyr wa Uswidi. Miaka minne baadaye, mwaka 1956, michezo ilikuwa Melbourne, lakini kwa sheria za karantini za Australia farasi wakashindania Stockholm, na Lis Hartel akapata fedha tena, na mbele yake tena alikuwa Saint Cyr.

Husimuliwa kwamba kule Helsinki, wakati wa kupokea medali, Saint Cyr alimsaidia kupanda jukwaani. Simulizi nyingi husimama hapo. Watu huandika kwamba mwanamke huyu aliishinda polio. Napingana nao kwa moyo wote. Hakuishinda. Polio ilibaki miguuni mwake mpaka alipofariki mwaka 2009, ana miaka themanini na saba, kama ilivyobaki miguuni mwa kaka yangu mpaka Julai 2021. Kusema ameishinda ni kumwondolea kitu alichokibeba kila siku na kumpa kisa cha kutufurahisha sisi. Tena kuna saa ambayo haipigwi picha: muziki wa taifa umekwisha, mashada yamenyauka, farasi amerudishwa bandani, na mtu yumo chumbani anaangalia umbali kati ya kitanda na magongo yake. Naijua saa hiyo. Niliikuta kwenye uso wa kaka alfajiri nyingi, kabla hajajua kwamba nimeingia.

Ninalofikiri zaidi, hata hivyo, ni mikono ya Saint Cyr. Dakika chache kabla yake alikuwa mshindani wake. Sasa ana mkono wake juu ya ubavu wa mwanamke, anausikia uzito wake. Je, aliwahi kuusahau?

Lee Pearson, Mwingereza ambaye misuli ya mikono na miguu yake ilipinda tangu alipozaliwa, amepata dhahabu 14 za Paralimpiki, kuanzia Sydney mwaka 2000 hadi ile Tokyo ya viti vitupu, ambako alimpanda Breezer, farasi aliyezaliwa kwake. Akiwa mtoto wa miaka sita, mwaka 1980, alialikwa nyumbani kwa waziri mkuu kupewa tuzo ya watoto mashujaa, na Margaret Thatcher akambeba mwenyewe kupanda naye ngazi. Nasoma habari za siasa za mama yule na kuna mengi siyapendi. Lakini nikifika kwenye ngazi zile nanyamaza. Mtu aliyewahi kumbeba mtoto wa miaka sita ngazini anajua kwamba hapo hakuna siasa, kuna pumzi na hofu ya kuteleza.

Punda wa kaka alikufa akiwa mzee sana, meno yameisha, mwaka ambao sitaki kuutaja kwa sababu kaka hakupenda utajwe. Asubuhi hakusimama penye baraza. Tulimkuta uani amelala, shingo ameinyoosha. Kaka aliniita, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akaniambia, "Nibebe." Nikambeba mpaka uani, nikamtua karibu na mnyama, akaweka kiganja shingoni na kukaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Walipokuja vijana kumwondoa aligeuza uso. Tulimpa shauri anunue mwingine, fedha ilikuwepo. Alikataa mwaka mzima. "Mwendo wa yule nimeshauzoea," alisema. Watu walimwambia punda ni punda. Wapandaji wa Paralimpiki walijua kwamba sivyo. Ule mchezo ulipochezwa Atlanta mwaka 1996, na tena Sydney mwaka 2000, walipewa farasi wa kuazima huko walikofika, wakawazoea kwa siku chache, wakashindana, wakawarudisha kwa wenyewe. Athens mwaka 2004 ndipo walipokwenda na farasi wao. Nawafikiria wale wa Atlanta siku ya kuondoka. Wamemfundisha mnyama mgeni maana ya kiuno chao, naye amejifunza, na sasa hatamu iko mkononi mwa mtu mwingine.

Kuna kijana mmoja ambaye habari zake zilinifanya niamke usiku. Jonathan Wentz, Mmarekani, aliyezaliwa na ulemavu unaotokana na ubongo. Agosti na Septemba 2012 alikuwa Greenwich, London, katika Paralimpiki, na farasi aitwaye Richter Scale. Akakosa medali kwa nafasi moja tu, wa nne. Akarudi nyumbani Texas kwenye masomo yake ya chuo kikuu. Tarehe 30 ya Septemba ileile alifariki, ana miaka ishirini na mmoja. Wiki tatu tu tangu michezo ifungwe.

Watu walimlilia kijana, na ndiyo haki yake. Mimi fikira zangu zilikwenda bandani. Farasi haelezwi. Hapelekewi mtu wa kumpa mkono wa tanzia. Yeye anachojua ni kwamba kulikuwa na uzito fulani ambao uliegemea namna fulani, ukiwa na kigugumizi chake cha misuli, mtikisiko wake upande mmoja, na yeye aliujifunza kama mtu anavyojifunza lafudhi ya mji, akawa anaelewa hata lisilosemwa vizuri. Kisha uzito haukuja. Akaja mwingine, labda mwepesi zaidi, labda mwenye miguu miwili mizima inayotoa amri safi.

Tunapozungumza juu ya msiba wa mtu mwenye ulemavu, waja husema, na wakanambia mimi, "Amepumzika. Na wewe umepumzika." Walikusudia wema. Wengine waliongeza kwamba nimefanya kazi kubwa, kwamba Mungu atanilipa kwa kubeba. Nilijibu amin, kwa sababu hayo ndiyo majibu. Lakini hakuna hata mmoja aliyenipa pole ya kuondokewa na uzito. Mgongo wangu una miaka sitini, unauma, na haujui la kufanya. Nikipita Usita wa Mui naona nakata kushoto mahali ambapo sina haja nako, kwa sababu pale ndipo alipokuwa akiegemea ili tupite mbele ya duka la kahawa.

Mwaka mmoja kabla hajafa, tarehe 25 Agosti 2020, redio ilitangaza kwamba Afrika imethibitishwa kuwa haina tena virusi asilia vya polio. Tulikuwa wote ndani. Alinyamaza kitambo, sindano ya kofia imesimama hewani. "Alhamdulillahi," akasema. "Hakuna mama atakayekesha tena kama alivyokesha mama." Kisha akaendelea kutoboa kofia. Sikuona uchungu usoni mwake, nami nilikuwa na uchungu wa kututosha wawili.

Tulimzika siku ileile, watu wachache kwa ajili ya maradhi yaliyokuwepo. Niliteremka kaburini mimi na mwanawe, kama ilivyo ada, kumpokea. Walipomshusha nilinyoosha mikono kwa nguvu niliyoizoea, ile ya kuuinua mwili wake kutoka barazani, na mikono ikapanda juu kupita kiasi, kama mtu anayenyanyua mtungi akidhani umejaa. Hakuwa mzito. Ile ndiyo sentensi niliyokuwa nadaiwa tangu nina miaka kumi na tisa, na nilimwambia, kwa sauti ambayo mwanawe aliisikia lakini hajawahi kuniuliza. Tukamlaza ubavu wa kulia.

Katika mashindano ya wapandaji wasioona, watu husimama kuuzunguka uwanja, kila mmoja penye herufi yake, wakaziita kwa sauti ili mpandaji ajue alipo. Mmoja yuko A, mwingine yuko C, mwingine B. Herufi ikishapitwa, mwenye kuita hunyamaza na wa mbele yake huanza. Niliwahi kuona hilo katika picha za binti yule, katika siku zile za arobaini, na tangu hapo yeye ndiye anayeniita. Asubuhi hunipigia simu: "Ami, umeamka?" Adhuhuri: "Ami, umekula?" Najua ni mapenzi, na najua pia amepanga na ndugu zake nani aite saa ngapi.

Juzi nilimwomba video ile ya Tokyo tena. Safari hii niliiacha iende mpaka mwisho kabisa, baada ya dhahabu, pale ambapo mtu angekwisha kuzima. Farasi alisimama. Nikafikiria watu wanavyomjia mpandaji wa namna hii na kiti chake, wakamshusha polepole, na farasi hata hatua moja asisogee.

Tandiko likitolewa, chini yake hubaki alama ya jasho, manyoya yamelala, yana unyevu, umbo kamili la mahali mtu alipokuwa. Nililiona hilo kwa punda wetu kila jioni. Kaka akishuka nilikuwa naliondoa gunia la usufi naliegemeza ukutani, na kabla sijamwagia mnyama maji niliweka kiganja pale penye unyevu. Palikuwa na moto bado.